Tatu na Kipande

Mwalimu alikuwa na kamba. Wanaume wengine wa rika lake walitembea na fimbo, wengine na Biblia kwapani. Yeye alitembea na kamba ya katani yenye urefu wa mikono miwili, ameikunja ndani ya mfuko wa shati pamoja na kalamu nyekundu. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu zilikuwa hazijamstaafu yeye.

Nitamwita Mwalimu tu. Jina lake ninalo. Mimi nilisoma hadi darasa la pili, nikatolewa kwenda kumlea mdogo wangu Aloo, kwa hiyo vitabu havikupata muda wa kukaa kichwani mwangu, na nafasi yao ikajaa majina. Wasichana tuliochimba udongo pamoja kule Lambwe kabla sijaolewa nawakumbuka wote: Aoko, Nyangweso, Adoyo, Anyango Mweusi na Anyango wa Kanisa. Ukinipa jina la mtu mara moja, sikurudishii. Lakini yeye Karungu nzima ilimwita Japuonj, ndiyo kusema mwalimu kwa Kijaluo, na hata mkewe Perpetua, Mungu amrehemu, alimwita hivyo hivyo mezani. Ukimwita kwa jina hageuki, anadhani kuna mtu nyuma yake.

Yeye kwa majina alikuwa bure kabisa. Wanafunzi wake aliwajua kwa namba zao za kwenye rejista. Mwanamume mzima, na kitambi chake, anasimama barabarani kumsalimia, na Mwalimu anamkazia macho: "Ngoja. Wewe ni kumi na saba. Mwaka gani?" Mtu anacheka, anasema mwaka. "Ah! Kumi na saba aliyeshindwa na sehemu!" Basi hapo wamejuana, wanashikana mikono mpaka mabega yanauma.

Tulikuwa majirani, boma lake na langu yakitenganishwa na ua wa minyaa na njia ya kwenda ziwani. Mimi kazi yangu ni vyungu. Siku ya kwanza alikuja kutafuta mtungi wa maji. Nilimtolea mmoja mzuri, mweusi, ukigonga unalia. Hakuugonga. Alitoa kamba yake akauzungushia mdomo wa mtungi, akashika kwa kidole mahali kamba ilipokutana. Kisha akaunyoosha ule urefu kukatiza mdomo, huku na huku, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kikabaki kipande kidogo cha kamba kinaning'inia.

"Tatu na kipande," akasema.

"Una ufa?" nikauliza.

"Hauna ufa. Lete mwingine."

Nikaleta mwingine, mdogo, wa uji. Tatu na kipande. Nikaleta chungu kikubwa cha kuchemshia nafaka cha mama mkwe wangu, Nyabondo, ambacho watu wawili hawakikumbatii. Tatu na kipande. Akachukua ile kalamu nyekundu, akakigeuza kila chungu, akakiwekea tiki kwenye kitako, kama daftari la mtoto aliyepata. Mtungi wenyewe hakuununua siku hiyo. Alikwenda zake anatabasamu peke yake, na mama mkwe akaniuliza huyo mtu amekula nini.

Siku ya soko la Homa Bay, nilipokuwa nampelekea vyungu mteja wangu Min Awuor, Mwalimu alinifuata. Min Awuor alikuwa anauza vyungu vyangu pamoja na sufuria za kiwandani, karai na beseni za plastiki. Mwalimu akaanza mwisho wa safu. Sufuria: tatu na kipande. Karai: tatu na kipande. Beseni ya buluu: hivyo hivyo. Wanawake wakaacha biashara wakaja kutazama.

"Japuonj," Min Awuor akamwambia, "unavipima ili uvishonee sare za shule?"

"Mwacheni," akasema mwingine, Akumu wa dagaa, "anatafuta sufuria ya kuoa."

Yeye hata hakusikia. Aliinua chungu changu kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono mwingine, akawauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa: "Hiki kimefinyangwa Karungu na mama ambaye hajashika rula. Hii imetoka kwenye mashine, sijui nchi gani. Havijawahi kukutana. Nani aliviambia?"

"Mimi sikumwambia mtu," nikasema, maana aliniangalia mimi.

Walicheka mpaka Akumu akashika mbavu. Lakini mimi neno lile lilinikaa. Nikiwa nafinyanga, mikono imelowa, najikuta nauliza: kweli, nani aliviambia?

Huyo ndiye mtu wenyewe. Alikuwa hawezi kuona kitu kikakaa tu. Alikuja na swali, analiweka kwenye kigoda, anaondoka, anakuachia. Siku moja alichukua ngege watatu kwenye karai ya Akumu akawapanga juu ya gunia. "Mama, hawa ni wangapi?"

"Watatu. Macho yako yamekufa?"

"Huyu ana utatu?" Akamwinua mmoja kwa mkia. "Hana, ni mmoja. Huyu? Hana. Huyu je? Hana. Sasa huo utatu ulioutaja uko kwa samaki gani?"

Akumu hakusita. "Uko kwa yule utakayemnunua."

Hilo alilisimulia yeye mwenyewe kwa mwaka mzima, na kila mara alimpa Akumu alama kumi juu ya kumi.

Imani yake, nikiielewa vizuri, ilikuwa kwamba namba hazikuletwa na watu. Zilikuwepo. Watu walizikuta tu, kama walivyolikuta ziwa. Mimi nilikuwa nabishana naye, si kwa elimu, kwa mdomo tu.

"Kabla mtu yeyote hajafika Karungu," alisema, "mawe mawili yakiporomoka kutoka kilimani yakakuta mawe mawili, yalikuwa manne."

"Nani aliyahesabu?"

"Hakuna. Nimesema hakuna mtu."

"Basi yalikuwa mawe, Japuonj. Yalikuwa mawe tu yanaota jua."

Alicheka mpaka akaketi chini kwenye majivu yangu na suruali yake ya kanisani. Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha moto, nikasikia sauti ng'ambo ya minyaa: "Nyar Lambwe!" Hivyo ndivyo alivyoniita, binti wa Lambwe, kwa mahali nilipotoka. "Nyar Lambwe, chungu chako kabla sijakipima kilikuwa kinajua kwamba ni tatu na kipande?"

"Kingejuaje? Ni chungu."

"Kilikuwa hakijui. Lakini kilikuwa!" Na akarudi ndani kwake kunywa chai.

Kitu kingine kilichomsumbua ni mikono yangu. Alikaa akiniangalia nikijenga mdomo wa mtungi, nikizunguka nao mimi mwenyewe kinyumenyume kama tunavyofanya, akauliza najuaje pa kuachia ili uwe mviringo. Nikamwambia mkono ndio unaniambia.

"Na mkono unajuaje?"

"Uulize."

Aliinama kweli, mzee mzima, akaukaribia mkono wangu uliojaa matope: "Mkono, unajuaje?" Kisha akasema polepole kwamba kuna hesabu mikononi mwangu ambayo mimi mwenyewe sina habari nayo, na hajui aseme ni ya nani. Nikamwambia ni ya mama yangu Nyaseme, ndiye aliyenifundisha. Hakuandika, lakini nilimwona akitaka kuandika.

Na kulikuwa na siku ya mawe matano. Alikuja na mawe matano madogo akayapanga juu ya ngozi barazani kwangu. Alitaka kujua, mtu akilala, akili ikazimika, namba inabaki au inakwenda naye. Akaniambia nilinde, akajilaza kwenye kiti chake cha kukunja, na kwa kuwa ilikuwa saa nane mchana na alikuwa amekula kwangu, alilala kabisa, anakoroma. Nikachukua jiwe moja nikalitia kwenye kanga yangu.

Alipoamka alitazama, akaruka. "Ni manne! Nyar Lambwe! Imebadilika nikiwa usingizini!"

"Imebadilika kwenye kanga yangu," nikamwonyesha.

Sijui kama alifurahi zaidi kulipata jiwe au kuipata sheria yake nzima. Alilibusu lile jiwe.

Msidhani hakuwa na vituko vya kujipinga. Alikuwa Msabato wa kufunga vifungo vyote, na alisema siku ya Sabato hata hesabu zinapumzika. Lakini mimi nilimwona kanisani, macho yakiwa kwa mhubiri, vidole vinahesabu mabati ya paa. Hatua kutoka mlango wake hadi wangu zilikuwa mia nne na kumi, alizitangaza kila alipofika badala ya hodi. Mwaka mmoja zikawa mia nne na ishirini na tano. Nikamwambia miguu yako inazeeka, hatua zinafupika. Akakataa katakata. Alisema njia imerefuka.

Tena kitu kikubwa: kwetu watu hawahesabiwi. Wala ng'ombe, kama unawapenda. Unawajua kwa majina na kwa rangi, jioni unasimama penye lango la zizi, na kama mmoja hajaingia, unaliona pengo lake. Huhitaji namba. Namba ukiitamka, umekionyesha kifo mahali pa kuanzia. Mwalimu alituchekea sana kwa hilo. "Namba haina meno," alisema, na aliwahesabu watoto wangu wakienda shule, kwa sauti, nami nikimfukuza na mwiko. Lakini muulize yeye ana wajukuu wangapi. "Ah, wapo. Wametosha." Nilipomshika kwa hilo aligeukia kuangalia ziwa kana kwamba linamwita.

Sasa nifike penye ugomvi wetu, maana tuligombana, na si mchezo.

Ule mwaka wa tisini na tisa ulikuwa wa sensa. Wazee walimwomba Mwalimu amtembeze karani, msichana kutoka Migori mjini anayeitwa Lilian, mwenye raba nyeupe ambazo hazikubaki nyeupe. Wakafika kwangu.

"Mama, walilala wangapi hapa jana?"

"Walilala."

"Wangapi?"

"Walilala vizuri, asante."

Lilian akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akamnong'oneza aulize majina. Hapo sasa nilifunguka. Lilian aliandika kwanza kwenye daftari: Otieno, Petro, Akinyi, Roselida, Apiyo, Adongo, Meri, Martha, Okelo, Awino, Dorkas, Zablon, Oduor, Akoth, Onyango, Samweli... Kalamu yake ilikimbia. Alifika chini ya ukurasa akageuza. Kisha akaiangalia nyumba yangu, akaliangalia jiko, akauangalia ukurasa.

"Mama, hawa wote wanalala wapi?"

Mwalimu alilichukua daftari akasoma, na mabega yakaanza kutikisika. "Binti yangu, umeandika majina, hukuandika watu!" Nami nikawaeleza: "Petro ndiye Otieno. Roselida ndiye Akinyi." Maana kila mtoto kwetu ana jina la nyumbani na la kanisani, na mwingine ana la babu aliyekuja ndotoni akalidai. "Hili boma kwa daftari lako limejaa kuliko shule!" Mwalimu akasema. Tulicheka wote, hata Lilian. Mwalimu akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuunganisha kila mtu na jina lake kwa mstari mzuri, mimi nikimtajia. Wengine walikuwa wa tumbo langu, wengine wajukuu niliowalea. Mkitaka kujua ni wangapi, hesabuni wenyewe, mimi simo.

Ndipo kalamu ikafika kwa Ouma.

Ouma wangu alizaliwa kifudifudi, ndiyo maana ya jina. Magugu maji yalipoifunga ghuba yetu, mashua hazitoki, yeye alivuka mpaka akaenda upande wa Musoma kutafuta kazi ya kuvua. Alituma barua moja. Akinyi alitusomea mpaka karatasi ikachanika penye mkunjo. Kisha kimya, miaka. Mkeka wake nilikuwa nautoa juani pamoja na mikeka ya wengine.

"Huyu hakulala hapa," Mwalimu akasema.

"Mkeka wake uko hapa."

"Mkeka haujazwi kwenye fomu. Wanahesabu miili, nyar Lambwe. Ukisema yuko hapa, na huko aliko wakisema yuko huko, atakuwa watu wawili."

"Na kama huko hakuna anayesema yuko?"

Lilian aliangalia raba zake. Mwalimu, na nasema hivi nikijua alikuwa mtu mwema, alipiga mstari mwekundu juu ya jina la mwanangu, umenyooka, bila rula.

Nilisimama. "Wewe! Chungu hukikubali bila kipande chake. Sufuria ya kiwandani unaiwekea kipande chake. Mwanangu ndiye unamkata?"

"Nyar Lambwe, namba lazima ifanane na..."

"Toka."

Tangu siku hiyo ua wa minyaa ukawa ukuta. Mtungi aliouagiza, ambao ulikuwa umeshachomwa, nilimpa mtu mwingine. Alipita njiani akikohoa. Mimi niliongeza sauti ya redio. Siku moja alisimama ng'ambo akatangaza peke yake, "Mia nne na hamsini na mbili!" Nilijua ananiambia miguu imechoka, tena ananiambia nimcheke. Sikumcheka. Nilikuwa namwona kila siku na ile kalamu mfukoni, na moyo ukakataa.

Mwisho wa mwaka, binti yake Dorina alikuja analia kwamba baba ameanguka bafuni, upande mmoja wa mwili umelala, wamempeleka Homa Bay hospitalini. Akasema maneno yanatoka kidogo kidogo, lakini namba zimekwenda zote. Hata moja haijui.

Nilikaa siku mbili na hasira yangu, nikiizungusha kama udongo. Siku ya tatu nikavaa viatu.

Nilimkuta ameegemezwa kwenye mto, mdomo umevutwa kando, shati lake limetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Muuguzi, jina lake Josephine, alikuwa anamwinulia vidole vyake mwenyewe. "Mzee, hivi ni vingapi?"

Mwalimu alivitazama kama mtu anayetazama watoto wa kigeni. "Samaki," akasema. Kisha akajua kwamba amekosa, na machozi yakashuka upande ule mzima. Josephine akaandika, akasema atarudi baadaye, akaenda kwa mgonjwa wa pili.

Aliponiona alijaribu kugeuza uso. Nikavuta kiti.

"Nimekuja njia yote hii, halafu unaangalia ukuta?"

"Zimeenda," akasema. Neno moja moja, kama anayevuta ndoo. "Ziko. Huko. Mimi... siko."

Nilimwelewa vizuri sana. Hata hapo alikuwa hajabadili imani yake. Namba zilikuwa mahali pake. Ni yeye aliyepotea. Na mimi, ambaye miaka yote nilibishana naye kwamba bila mtu ni mawe tu, sikuwa na moyo wa kushinda.

Nikachukua mkono wake wa kulia, ule uliolala, nikaukunjua. Nilishika kidole gumba. "Huyu Otieno," nikamwambia. Nikakikunja. "Huyu Akinyi. Huyu Apiyo. Pacha wake Adongo, usiwachanganye. Huyu mdogo wa mwisho ni Okelo, aliwafuata mapacha." Alinifuata kwa mdomo, yeye ambaye hakuwahi kushika jina la mtu: O-tie-no. A-ki-nyi. Tukahamia mkono wa kushoto, ule mzima, akaanza kukunja mwenyewe. "Awino. Oduor. Akoth. Onyango."

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimeamua tangu nyumbani. Sitamtaja. Sikuja kudai.

Mwalimu aliiangalia mikono yake. Ngumi moja, na nyingine ambayo haijawa ngumi. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimesimama peke yake. Alikitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akakitikisa.

"Na huyu?"

Nilikunja pindo la kanga yangu.

"Pengo," akasema. Kisha, polepole, akalitafuta lile neno mpaka akalipata, jina la kwanza la mtu ambalo niliwahi kumsikia akilitoa mwenyewe bila kuambiwa: "Ouma."

Akakikunja.

Josephine aliporudi alimkuta na ngumi mbili juu ya shuka, na mimi napenga kamasi kwenye kanga. Akazikunjua zile ngumi, akaviinua vidole vyote, huku na huku.

"Haya Mzee, tujaribu tena. Hivi ni vingapi?"

Mwalimu akamwangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyeuliza swali rahisi.

"Wote," akasema.

Josephine akatikisa kichwa, akaandika kwamba mzee amekosa. Alipogeuka, niliingiza mkono kwenye mfuko wa lile shati, nikaisukuma kamba, nikaitoa kalamu nyekundu, nikamwekea tiki kubwa katikati ya kiganja.